Anti, mama mkwe amekuta mchele kitandani kwangu

Shikamoo Anti,

Nakusoma tangu nikiwa sekondari, ila sikuwahi kudhani siku moja barua itakuwa yangu. Nina miaka 32, nimeolewa mwaka wa tatu huu, mtoto bado. Tunaishi Temeke nyumbani kwa mama mkwe. Nafanya kazi kwa mawakala wa forodha mjini, nakagua nyaraka za mizigo kabla hazijapelekwa. Kazini nasifiwa. Tarakimu ikikosewa kwenye ankara mimi naiona kabla sijamaliza kufunua karatasi.

Shida yangu ni mwili. Tangu utotoni kelele kwangu haziingii masikioni tu, zinapiga. Konda akigonga bati la daladala nasikia kwenye meno. Lebo ya nguo shingoni inanikera mpaka naikata kwa wembe. Mtu akinigusa kwa ncha za vidole naruka, lakini akinikumbatia kwa nguvu natulia. Njaa siisikii, naweza kufika saa kumi jioni sijala, nastuka mikono inatetemeka. Marehemu mama alinipeleka kwa watu mbalimbali, kila mmoja na lake. Mwisho nikajifunza kuvumilia na kutabasamu. Ila nikirudi kazini naweza kukaa kitandani saa nzima na baibui langu na viatu, nikisemeshwa siwezi kujibu, maneno yamekata kama umeme wa Luku ulioisha uniti.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, aligundulika kuwa na usonji, ule Waingereza wanaouita autism. Niliwasindikiza hospitali. Mtoa tiba kwa vitendo, mtaalamu anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, akawa anauliza maswali kuhusu mtoto, dada anajibu, na mimi kimoyomoyo najibu yangu. Kila swali lilikuwa langu! Nikazunguka miezi kadhaa, nikapata daktari wa afya ya akili akanifanyia tathmini, akaniambia nami nina usonji, nimezaliwa nao. Nililia sana, Anti, lakini haikuwa huzuni.

Yule mtoa tiba alimfundisha dada mbinu za kumtuliza mtoto. Kumwekea mfuko mzito mapajani, kumsugua ngozi kwa brashi, kumbembeza. Nikaanza kujaribu mwenyewe kwa siri. Nikashona mfuko kwa khanga kuukuu, nikatia mchele kilo 3, usiku nauweka kifuani. Usiku wa kwanza nililala hadi adhana, kitu ambacho sikikumbuki tangu niolewe. Nikanunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye maduka ya vifaa Gerezani, navivaa kuanzia natoka nyumbani mpaka narudi. Nikatafuta na brashi, ile ya kufulia, najisugua mikono na miguu asubuhi na jioni.

Basi siku moja mvua imetanda, mama mkwe akaniingizia nguo zangu chumbani kutoka kambani. Akauona mfuko. Aliniita: "Huu nini? Mchele unalazwa kitandani?" Nikababaika, nikasema ni dawa ya mgongo. Akaugeuza akaona nilivyoushona kwa uzi mwekundu (sikuwa na mwingine), akaurudisha, hakusema neno. Kwetu kila Alhamisi jioni wanawake wa mtaani huja kusoma Yasini, udi unafukizwa nyumba nzima mpaka nashindwa kupumua. Alhamisi ile walipomaliza akasema, "Mumwombee na mkwe wangu, Mungu amwondolee mazito." Nilitaka ardhi inimeze. Najua anaona ni uchawi, kwamba namfunga mwanawe au nina kitu kimefunga uzazi. Tangu hapo mfuko nimeuficha kwenye sanduku na usingizi umeondoka nao.

Mume wangu ni fundi majokofu, mtu mpole, anajua kila kitu. Anasema "mama niachie mimi." Huu ni mwezi wa pili. Nikigusia kupanga chumba chetu ananyamaza, maana yeye ndiye mtoto wa kiume pekee.

Na mambo mengine yameharibika. Masikio yamezidi. Nikivua vizibo hata kijiko kikigonga sahani kinanikata. Mikono imechubuka kwa brashi. Nimeulizia kwa mtoa tiba binafsi, ni shilingi 40,000 kila kikao na anataka niende mara mbili kwa wiki. Dada naye anasema hayo ni mazoezi ya watoto, mtu mzima ameshakomaa, niyaache.

Anti, niyaache nyumba itulie? Nimwambie mama mkwe hilo neno usonji ambalo hata mimi nimelijua juzi? Au niendelee kujificha? Sitaki makubwa. Nataka tu niwe kama watu wengine.

Mwenye Masikio Mepesi, Temeke

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana umefunga mizigo mitatu kwenye kamba moja, na ukivuta mmoja yote inakuja. Kuna mwili wako na unachohitaji. Kuna mbinu ulizozianza bila wa kukuongoza, moja imekusaidia, mbili zimekuumiza. Halafu kuna nyumba, mama mkwe na mume anayesema "niachie." Umeniuliza juu ya nyumba, lakini kurasa nyingi umeandika juu ya mwili. Niruhusu nianze na mwili.

Ulichoandika kuhusu kelele, lebo na njaa isiyosikika si tabia mbaya wala uvivu wa kuzoea. Mwongozo wa uchunguzi ambao madaktari wengi wa akili duniani huutumia, ule wa Marekani, tangu toleo lake la 2013 unataja waziwazi kwamba mtu mwenye usonji anaweza kuzidiwa na sauti, mguso, harufu au mwanga, au kinyume chake asivihisi vya kutosha. Na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Wewe ni mfano wake. Masikio yanapokea kupita kiasi, tumbo halipeleki habari. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu, wakatuachia pale. Kuna hisi nyingine ndani. Ipo inayokuambia mwili wako uko wapi na misuli imebanwa kiasi gani, ipo ya mizani inayofanya usianguke gizani, na ipo inayoleta habari za njaa, kiu, mkojo, joto. Kwa hiyo hiyo njaa ya saa kumi jioni, usingoje tumbo liseme. Weka kengele kwenye simu saa sita na nusu, ikilia kula, hata kama huoni haja. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Sasa mbinu zenyewe. Mama aliyeanzisha fikra hii alikuwa Mmarekani, A. Jean Ayres, naye mtoa tiba kwa vitendo, aliyefariki 1988. Alianza kuandika miaka ya sitini na sabini kwamba ubongo wa baadhi ya watoto hupata taabu kuzipanga taarifa za hisi, na kwamba bembea, uzito, mguso na michezo ya mwili vinaweza kuusaidia. Kutoka kwake zimezaliwa mbinu nyingi, nzuri na za ovyo pamoja. Nikuambie ukweli kama mtu mzima mwenzangu: ushahidi wake haulingani na sifa zake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2012 kikisema tiba hizi zinaweza kuwa sehemu ya mpango, lakini wazazi waelezwe kwamba utafiti bado ni mdogo na haujatoa jibu la mwisho. Uingereza walijaribu mablanketi mazito kwa watoto wenye usonji, matokeo yakachapishwa 2014. Watoto hawakulala muda mrefu zaidi. Ila watoto wenyewe na wazazi wao waliyapenda yale mazito kuliko ya kawaida! Utafiti mwingi ni wa watoto kama hao. Wa watu wazima ni mchache mno.

Kwa hiyo mtu akikuambia tiba hii "inaondoa usonji", shika pochi yako uondoke. Na dada yako akisema ni ya watoto, ana haki kwa upande mmoja, kwamba imechunguzwa zaidi kwa watoto. Upande wa pili namkatalia. Mtoto mwenye usonji hakui akawa kitu kingine. Anakua akawa wewe. Masikio yaliyoumia akiwa na miaka mitano ndiyo hayo anapanda nayo daladala akiwa na miaka 32.

Nirudi kwenye mchele. Unajua ni nani mwingine aliyeonekana wa ajabu kwa kutafuta uzito? Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya mifugo. Akiwa msichana, shambani kwa shangazi yake, aliona ng'ombe wakitulia wanapobanwa ubavuni kwenye kizimba cha kuwadungia chanjo. Akajitengenezea mashine ya mbao ya kujibana mwenyewe. Chuoni wanasaikolojia walitaka aachane nayo. Hakuiacha. Wewe umetumia khanga na kilo 3 za mchele, mashine yako ni nafuu zaidi na haihitaji fundi seremala.

Ule usiku uliolala hadi adhana nauchukulia kama ushahidi. Si ushahidi kwa watu wote, ni ushahidi juu yako. Angalia mambo machache tu. Wengi hukadiria uzito usizidi kama asilimia 10 ya uzito wa mwili. Hayo ni makadirio, si sheria, na kilo 3 hazina ukubwa huo. Kama una pumu au shida ya moyo, au Mungu akikujaalia mimba, muulize daktari kwanza na usiuweke kifuani wala tumboni. Mapajani au miguuni panatosha. Uweze kuusukuma mwenyewe ukiwa nusu usingizini. Usimwekee kamwe mtoto mchanga. Na Dar yetu hii ya Februari, usiku hauna upepo na feni inasukuma joto lile lile, utatokwa jasho ukasirike. Kipindi hicho jaribu mapajani dakika ishirini kabla ya kulala.

Brashi iache leo. Utaratibu wa kusugua ngozi ulibuniwa na mtoa tiba mwingine wa Marekani, nao hutumia brashi laini mahususi, mtu akiwa amefundishwa kwanza, na hata hivyo ushahidi wake ni mwembamba. Ya kufulia inatoa mafuta ya taa kwenye ovaroli la mumeo, ngozi yako itaiwezaje? Mikono ipone. Kama unachotafuta ni mguso mzito, paka mafuta ya nazi kwa kiganja kizima, taratibu, ukikandamiza.

Vizibo ndivyo vilivyonitia wasiwasi zaidi. Masikio yakikaa kimya kutwa nzima, ubongo huongeza sauti kutafuta kinachokosekana, kama mtu anayepandisha redio iliyofifia. Ukivua, kila kitu kinakuja na sauti hiyo iliyopandishwa. Hicho kijiko chako kinaweza kuwa matokeo ya hilo. Usivitupe. Vipangie saa: daladala, na saa ile ofisi imechangamka, hapo tu. Nyumbani na kwenye utulivu vua, hata kama mwanzoni inauma kidogo. Barabarani ukivuka acha sikio moja wazi, bodaboda hawapigi honi mara mbili. Maumivu yakiendelea baada ya wiki kadhaa, nenda kwa daktari wa masikio akupime, isije kuwa kuna jingine.

Halafu nikuulize. Umeorodhesha mchele, sponji na brashi, vyote vya kununua, vyote vya kuficha. Hakuna kitu ulichokuwa ukikifanya tangu zamani kikakutuliza, bila kujua kina jina? Kukuna nazi, kwa mfano, umekaa juu ya mbuzi, mabega yanasukuma, sauti ni moja tu. Kutwanga. Kufua mashuka kwa mikono na kuyakamua. Kazi nzito za misuli ndizo watoa tiba huzitafuta wanapopanga siku ya mtu, na sisi huku Pwani tunazo jikoni. Najua kuna wanawake wanaosuka ukili saa nzima, macho yako mbali, vidole vinakwenda, na hakuna anayewauliza wana nini. Mzee akichezea tasbihi barazani anaonekana mcha Mungu. Kama kazini mikono inahitaji kitu, tasbihi mfukoni haitamshtua mtu. Na bahari tunayo! Maji ya kifuani pale Kigamboni yanabana mwili mzima bila kuomba shilingi elfu arobaini. Sikuambii ufanye haya yote, ungechoka. Nauliza lipi tayari ni lako.

Kuhusu yule mtoa tiba binafsi, mara mbili kwa wiki ni kama shilingi 320,000 kwa mwezi. Kabla hujasema ndiyo au hapana, muulize amewahi kufanya kazi na watu wazima? Lengo ni nini, na mtajuaje limefikiwa? Anaweza kukuona mara moja kwa mwezi, akakuandikia mpango ufanye nyumbani? Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Taaluma hii tunayo nchini, hospitali ya KCMC kule Moshi wanaifundisha miaka mingi, na hospitali kubwa za umma nazo zina watoa tiba kwa vitendo. Daktari aliyekufanyia tathmini anaweza kukuandikia rufaa. Foleni ya huko ni ndefu na kelele zake unazijua, hilo nalo liweke kwenye hesabu. Ukienda, omba miadi ya asubuhi sana.

Sasa nyumba.

Mwanangu, soma tena ulivyoandika. Umesema "najua anaona ni uchawi." Mama mkwe kwa kinywa chake amesema nini? Amesema, "Mchele unalazwa kitandani?" Kwa mwanamke wa umri wake, mchele ni chakula, na chakula hakilaliwi. Huenda kilichomkwaza ni hicho. Au aliuona uzi mwekundu akawaza unayoyawaza wewe, nalo linawezekana, siwezi kumsemea. Ila kisomo cha Alhamisi kilikuwepo kabla ya mfuko. Na dua aliyokuombea ilikuwa uondolewe mazito. (Nilicheka kidogo hapo, unisamehe. Yeye anaomba uondolewe mazito, wewe usiku unayatafuta kwa kilo.) Uliona aibu mbele ya watu, na aibu hiyo ni ya kweli, siipunguzi. Lakini ulimwambia una mgongo. Mtu aliyeambiwa mkwe ana mgongo halafu akamwombea, unaweza pia kumsoma kama mama aliyeona mtoto anaumwa na haambiwi kitu.

Sisemi yeye ni mwema na wewe una shaka bure. Nasema hujui bado, na umeishi miezi miwili kama vile unajua.

Umenipa njia tatu, kuacha, kusema, kujificha. Nizipitie nawe.

Kuacha ndiyo nyepesi kuitamka. Nyumba itatulia, labda. Lakini wewe hukuanza mbinu hizi kwa mchezo, ulizianza kwa sababu ulikuwa unakaa kitandani na viatu huwezi kusema. Hilo litarudi, na mama mkwe ataliona nalo, atalipa jina lake.

Kujificha unakujua vizuri kuliko mimi. Umefanya hivyo miaka thelathini, kutabasamu huku meno yanauma. Hofu yangu ni gharama yake. Uniti unazotumia kuficha mfuko, kusikiliza nyayo mlangoni, kupanga uongo wa mgongo, zinatoka kwenye Luku ile ile unayolalamika inakatika jioni. Hata hivyo kuna vipindi siri humlinda mtu, na kama moyo wako unasema bado, sitakuita mwoga.

Kusema nako kuna namna nyingi, na hapa ndipo nadhani umejibana bure. Umefikiri ni lazima useme neno usonji. Kwa wengi wetu neno hilo lina sura ya mtoto asiyesema, na ukilitamka sebuleni unaweza kujikuta unatetea jina badala ya kueleza shida. Tena katika nyumba inayosubiri mjukuu, linaweza kuzaa swali la "na watoto wetu je?" Usonji huenda kwenye ukoo, mwenyewe umemwona mpwa wako. Swali hilo litakuja siku moja na linastahili kujibiwa na wewe na mumeo mkiwa mmeshalizungumza, si kwa kushtukizwa.

Unaweza kusema kitu kidogo na cha kweli. "Mama, kelele za mjini zinaniumiza mwili, nikibanwa na kitu kizito natulia, daktari anajua." Hapo hakuna uongo. Na usidhani hataelewa. Huyu ni mwanamke wa Pwani. Kichwa kikimuuma anajifunga khanga kichwani mpaka paji la uso linakunjamana. Alipojifungua alifungwa tumbo, siku arobaini, na wenzake wakakaza. Mpaka leo katika mahari za Pwani watu hutaja mkaja wa mama, kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kumzaa binti. Kubanwa ili mwili utulie, yeye alikujua kabla yako. Huenda kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba mfuko wako ni mtoto wa mkaja ule.

Nani aseme? Mumeo amesema umwachie, na amenyamaza. Umenieleza ni mpole, na ni mtoto wa kiume pekee. Inawezekana anaogopa. Inawezekana pia hajui aanze na neno gani, maana wewe mwenyewe umesema umelijua juzi. Je, umewahi kumpa sentensi? Sio kumwambia "mwambie mama", bali kukaa naye mkaandika mistari miwili atakayoisema, na siku atakayoisema. Asipoweza hata hivyo, utakuwa umejua kitu juu ya "niachie" yake, na mazungumzo yenu yatakuwa mengine. Vinginevyo kuna shangazi wa mume, wifi mkubwa, au somo yako aliyekufunda, mtu ambaye mama mkwe hamkatizi. Hatari ya mjumbe unaijua, habari huongezwa chumvi njiani. Mchague asiye na kiherehere.

Kuhusu kuhama, nimeona uliligusia na kulikimbia. Sikusukumi. Ila usifikiri chumba cha kwenu kitakuwa kimya kwa sababu ni chenu. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkononi, mlipe, halafu mgundue jirani ana baa na Jumamosi kuna ngoma ya kigodoro mpaka alfajiri. Hapo kwa mama mkwe, ukitoa udi wa Alhamisi, kukoje usiku? Alhamisi hiyo moja huwezi kutafutiwa shughuli, kumalizia ofisini, kumtembelea dada, au kukaa barazani hewani ukihudumia chai? Labda kuhama ni sahihi, labda sio. Angalia tu unakimbia kelele au unakimbia mazungumzo.

Kazini hujasema sana, nami sitasema sana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kwa hiyo jambo hili si ombi la huruma. Lakini kutangaza ofisini hakurudishwi nyuma, na maofisi yetu yana midomo. Unaweza kuanza kwa kuomba meza ya pembeni, mbali na mlango na printa, kwa sababu kazi yako inataka umakini. Nani atamkatalia anayeona tarakimu mbaya kabla ya karatasi kufunuliwa?

Nimebakiza sentensi yako ya mwisho, "nataka tu niwe kama watu wengine." Nimeikalia muda mrefu kuliko zote. Ulipolia kwa daktari, uliniambia haikuwa huzuni. Ilikuwa nini? Nakuuliza kweli, na ningependa ujijibu kabla ya kuamua lolote juu ya mtoa tiba. Maana ukienda kwake kutafuta kuwa kama wengine, kila kikao utatoka umeshindwa. Ukienda kutafuta kulala, kula kwa wakati, na kufika nyumbani jioni ukiwa bado na maneno ya kumwambia mumeo, hayo yanapimika, na moja umeshalipata kwa kilo 3.

Niandikie ukishaongea, au ukishaamua kutoongea. Na mfuko huo, vyovyote itakavyokuwa, toa mchele mle. Dar hii na unyevu wake fukusi hawachelewi, watakutembelea kifuani usiku wa manane. Tia kokoto ndogo zilizooshwa zikakauka juani, ndani ya mfuko wa pili ili zisichome. Mchele mpelekee mama jikoni.

Anti